Bunju wa Sekunde Nane

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne huniuliza swali lile lile kuhusu Bembea ya Maisha ya Timothy Arege: tamthilia hii inamhusu nani hasa? Wapo wanaosema Sara, kwa kuwa ndiye mgonjwa na nyumba nzima inamzunguka. Wapo wanaomtetea Yona, mwalimu aliyezama katika ulevi kisha akajutia. Wasichana wengi humtaja Neema, aliyewabeba wazazi kwa mkono mmoja na ndoa kwa mkono mwingine. Katika karatasi ya mtihani majibu haya yote yanaweza kukupatia alama, mradi uyatetee kwa mifano kutoka kitabuni. Ukiketi kupanga trela ya dakika 2, hali hubadilika. Lazima uso mmoja utangulie kuonekana. Lazima sauti moja iwe ya mwisho. Hapo ndipo unapojua kama ulikisoma kitabu au ulipita tu juu ya kurasa.

Ninafunza Kiswahili katika shule ndogo upande wa Raila, mojawapo ya vijiji vya Kibera jijini Nairobi. Ijumaa jioni, baada ya vipindi, mimi hukaa na wanachama 14 wa chama cha uigizaji na filamu. Mali ya chama ni simu moja yenye kamera nzuri, stendi yake, na kitambaa cheupe tunachokitundika ukutani tukitaka kutazama kitu pamoja. Muhula huu waliamua kuandaa trela ya Bembea ya Maisha. Hawakuwa na nia ya kuitengeneza filamu yenyewe. Walitaka trela peke yake, ya filamu ambayo haipo, ili wanafunzi wa kidato cha tatu wakiitazama watamani kukisoma kitabu kabla hawajalazimishwa.

Waliponiletea mpango wa kwanza ulikuwa na matukio 23. Nilihesabu mara mbili. Ulianza na ugonjwa wa Sara, ukaingia katika kejeli za wanakijiji, ulevi wa Yona, elimu ya mabinti, ndoa ya Neema, safari ya kwenda mjini kwa matibabu, hadi mwisho kabisa. Huo ulikuwa muhtasari uliovalishwa picha. Wengine huita trela kionjo, na jina hilo linafaa kuliko lile la kukopa. Mpishi akikuonjesha mchuzi hukupa tone kiganjani. Hakupakulii sahani. Tone hilo likikushibisha, hutarudi kukaa mezani.

Ili kulielewa jambo hili tulitazama filamu mbili za nyumbani. Ya kwanza ni Soul Boy ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Hawa Essuman na kupigwa picha papa hapa Kibera. Kijana Abila, mwenye umri wa miaka 14, anaamka na kumkuta baba yake katika hali isiyoeleweka, kana kwamba roho yake imeibwa, naye anaanza safari ya kuirudisha. Wanafunzi walifurahi sana kuona vichochoro wanavyovipita kila siku, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyefuata hadithi kwa sababu kila mmoja alikuwa akibishana na mwenzake ni wapi pale. Ya pili ni Supa Modo ya mwaka 2018, ya Likarion Wainaina, inayomhusu mtoto mgonjwa aitwaye Jo ambaye mama yake anamtoa hospitalini na kumrudisha nyumbani.

Niliwauliza: katika filamu hizi, siri ni ipi? Walidhani siri ni ugonjwa. Lakini ugonjwa wa Jo tunaujua mapema, na hali ya baba yake Abila inaonekana mwanzoni kabisa. Kinachotuvuta ni kutojua jamaa za mgonjwa watafanya nini. Mama atamficha mtoto ukweli? Dada yake atakubali? Mvulana atathubutu kwenda kule anakoambiwa aende? Drama ya familia hujengwa juu ya wale waliobaki na afya na sasa wanapaswa kuamua. Nilipowarudisha kwa Sara, msichana mmoja alisema, "Basi mwalimu, trela yetu haiulizi kama Sara atapona. Inauliza nani atalipa, na atalala wapi." Nikaliandika jibu lake ubaoni, na kuanzia hapo mpango wa matukio 23 ukatupwa.

Waliobaki nao walikuwa watu wanne: Sara, Yona, Neema na Bunju, mume wa Neema. Asna na Salome tuliwaacha nje ya trela kwa shingo upande. Asna hasa, maana msimamo wake kuhusu ndoa ungetosha kuwa trela nyingine. Lakini dakika 2 ni dakika 2.

Sasa tulifika penye mgogoro, nami naomba tukae hapa kidogo.

Kijana tunayemwita Mhariri, kwa kuwa ndiye anayeijua programu ya kuhariri katika simu, aliwarekodi wenzake wakisoma mazungumzo ya Neema na Bunju kuhusu matibabu ya Sara. Usomaji mzima ulichukua dakika kadhaa. Yeye akaukata hadi sekunde 8. Katika sekunde hizo Neema anaomba, Bunju anakataa, na mlango unafungwa kwa kishindo. Alipotuchezea, darasa lilimzomea Bunju kama mashabiki wanavyomzomea refa. Kila mtu aliridhika. Kama lengo la trela ni kumfanya mtazamaji ahisi kitu, basi Mhariri alikuwa amefaulu.

Msichana mmoja peke yake hakuzomea. Ndiye yule aliyeuliza Sara atalala wapi. Akasema polepole, "Mwalimu, maneno ni yake, lakini huyo si Bunju."

Kisa chake amenipa ruhusa nikisimulie, mradi nisitaje jina. Mama yake aliletwa Nairobi kutoka mashambani kwa matibabu. Dada yake mkubwa ameolewa Kawangware, na anaishi na mume na mtoto katika chumba kimoja. Wanaoijua desturi ya kwao wanafahamu uzito wa jambo hilo: mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe, sembuse chumba kimoja, sembuse pazia ndilo linalotenganisha kitanda na viti. Mgonjwa hakuwa na kwingine kwa kulala, kwani chumba wanachoishi yule msichana na ndugu zake hapa Raila huingia maji mvua ikinyesha, na kutoka Kawangware ndiko ilikokuwa rahisi kumfikisha kliniki. Basi shemeji yake alifanya hivi: kila jioni akitoka kazi ya mjengo huja nyumbani, humwamkua mama mkwe akiwa amesimama mlangoni, hula chakula chake nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, kisha huchukua blanketi na kuondoka. Rafiki yake ni soja wa usiku, kwa hivyo kitanda cha huyo rafiki huwa wazi kuanzia saa kumi na mbili jioni. Amelala huko wiki nyingi.

"Sasa," yule msichana aliendelea, "watu wa ploti wanasema dada amemfukuza mume. Watu wa nyumbani wamesikia kwamba shemeji amekataa kukaa na mama. Wote wamemwona akitoka na blanketi. Hakuna aliyedanganya."

Darasa lilinyamaza. Nami nikakumbuka kitu ambacho kila mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu anakijua mpaka anakichoka: swali la dondoo. Unapewa maneno machache yaliyokatwa kutoka katika tamthilia, na sehemu ya kwanza huwa: eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4. Nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa nini. Wanafunzi wengi huandika matatu ya mwanzo haraka na kuling'ang'ania la nne, kwa sababu la nne ndilo linalohitaji mtu awe amesoma yaliyotangulia. Angalia sasa trela inavyofanya kazi. Humwonyesha msemaji, humwonyesha msemeshwa, huonyesha mahali. Inachokitupa ni ile "kwa nini". Mkasi wa Mhariri ulikuwa umekata alama moja tu kati ya nne, na alama hiyo moja ndiyo iliyotosha kumgeuza mtu kuwa zimwi.

Hapa msomaji asije akadhani tulimsafisha Bunju. Kijana mmoja alisimama upande wa pili, na hoja yake ilikuwa na nguvu. Katika tamthilia, Bunju naye huegemea mila: mama mkwe halali kwa mkwe. Lakini shemeji wa Kawangware, mwenye chumba kimoja, alitoka yeye ili mgonjwa aingie. Bunju ana uwezo. Mila ni ile ile. Mmoja aliitimiza kwa kujinyima, mwingine akaifanya ukuta. Yule msichana akajibu kwamba Bunju pia ana mtoto wa kulea, Lemi, na kwamba mtu aliyezoea kupanga matumizi yake kwa makini huona kila ombi la ukweni kama shimo lisilo na mwisho. Mwenzake akamwambia hiyo si sababu, ni kisingizio. Wakavutana hadi kengele ikalia.

Mimi nina maoni yangu. Naona Bunju si mchoyo wa kawaida. Ni mtu anayeyaamini maneno yake mwenyewe, na ndiyo sababu anamuumiza Neema zaidi. Mchoyo anayejijua unaweza kumwaibisha. Anayejiona mwenye haki utamwambia nini? Lakini maoni yangu hayakuhitajika ili trela ipangwe. Lile neno walilobishania, sababu au kisingizio, lilikuwa tayari ndilo swali la trela. Tulikubaliana Bunju apewe sekunde 20 badala ya 8, aeleze hoja yake hadi ikamilike, kwa sauti ya chini, bila kishindo cha mlango. Kisha kamera imgeukie Neema na kukaa kwenye uso wake, bila neno lolote, kwa sekunde 5. Mhariri alilalamika kwamba sekunde 5 za kimya ni nyingi mno. Tulizipima kwa saa. Ni nyingi kweli, na ndiyo maana tuliziacha.

Yona alitusumbua kwa namna nyingine. Ulevi wake tunausikia zaidi kupitia kumbukumbu na masimulizi ya wahusika, mbinu ambayo katika uchambuzi tunaiita kisengere nyuma. Kamera hupenda sana kukionyesha kile ambacho mwandishi amekiacha kisimuliwe. Vijana wawili walikuwa tayari wameandaa chupa na mwendo wa kupepesuka. Niliwauliza watazamaji watafanya nini wakiona mlevi akipepesuka. "Watacheka," wakasema. Basi tuliamua Yona wa zamani asionekane hata mara moja. Tutamwona Yona wa sasa ameketi kando ya mkewe, na sauti ya Sara itasimulia miaka ile bila kumwangalia. Anayesikiliza atamwona mlevi akilini, na machoni atamwona mzee anayeona haya. Ukiulizwa umuhimu wa kisengere nyuma katika tamthilia hii, anza hapo: aibu ya Yona inaonekana kwa sababu yaliyopita yanasemwa mbele ya yeye wa leo.

Na Sara mwenyewe? Kuhusu Sara tulijadiliana juu ya mahali. Vijana walitaka kwenda Kawangware kupiga picha katika chumba kile cha dada. Kilikuwa na kila kitu: pazia jeupe la maua katikati, dawa kwenye mfuko wa karatasi uliotundikwa msumarini, mwanga wa jioni unaopenya kwenye tundu la bati. Na mgonjwa wa kweli yuko ndani. Yule msichana hakukataa waziwazi. Alisema tu kwamba angemuuliza mama.

Nilikataa kabla hajauliza. Watu wa Kibera na Kawangware wanaijua kamera. Imekuja mara nyingi, imeinama kwenye mtaro wa majitaka, imempiga picha mtoto aliye peku, ikaondoka bila kuuliza mtoto anaitwa nani. Watu waliotengeneza filamu zao hapa kwa kuwashirikisha wenyeji wametuonyesha kwamba njia nyingine ipo. Sasa kamera iko mikononi mwetu, na sioni kwa nini tuanze kwa kuomba kitanda cha mgonjwa. Mama anayepewa mahali pa kulala na bintiye huona vigumu kumkatalia bintiye chochote. Ruhusa ya namna hiyo siiamini.

Kwa hiyo tutapiga picha katika chumba cha mwalimu mwenzangu hapa Raila, naye ametukubalia Jumamosi nzima. Tutaazima wazo la pazia peke yake. Sara atakuwa nyuma ya pazia karibu muda wote. Tutaona kivuli chake, tutasikia kikohozi kimoja, tutaona mkono ukipokea kikombe. Uso wake utaonekana mara moja, na wakati huo hatakuwa akilia. Atakuwa akimuuliza Neema kama amekula. Mwanafunzi atakayeigiza alishauri hivyo mwenyewe, kwa kuwa, alisema, mama akiwa mgonjwa ndivyo anavyofanya.

Bembea nayo ilizua mjadala. Karibu nusu ya chama walitaka tutafute bembea ya kweli, mtoto abembee, jina la kitabu litokee. Nilicheka kidogo, maana sijui bembea ya karibu iko wapi, labda katika uwanja wa shule ya watu wenye pesa. Zaidi ya hayo, bembea ya Arege ni jazanda. Maisha hupanda yakashuka, aliyekuwa juu huwa chini. Ukiionyesha bembea yenyewe umemsomea mtazamaji jibu la mtihani. Aliyetuokoa ni upepo. Tulipokuwa tukijaribu mwanga katika kile chumba, mlango ulikuwa wazi na pazia likawa linaingia ndani na kutoka nje, linaingia na kutoka, kila lilipopanda likimfichua aliye nyuma yake na kila liliposhuka likimfunika. Hakuna aliyesema kitu. Mhariri alikuwa tayari ameshabonyeza kitufe cha kurekodi.

Ya ufundi nitayapitia kwa haraka. Adui mkubwa hapa ni sauti. Mvua ikinyesha juu ya mabati hata mwigizaji akipiga kelele hasikiki, kwa hiyo mazungumzo yatarekodiwa asubuhi mapema, darasani, madirisha yakiwa yamefungwa, kisha yawekwe juu ya picha. Jirani ana duka la kuchomelea vyuma. Amekubali kupumzika kati ya saa nne na saa tano kwa ahadi ya kuona jina lake mwishoni mwa trela. Reli hatuwezi kuiambia ipumzike. Njia hii ya garimoshi, iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa na kufika Kisumu mwaka 1901, inapita katikati ya Kibera, na honi husikika mbali. Tumeamua ikilia wakati wa zile sekunde 5 za kimya cha Neema, tutaiacha.

Mpango kamili sasa uko kwenye karatasi mbili zilizounganishwa kwa gundi, visanduku 11 vyenye michoro. Chini ya kila kisanduku wameandika ukurasa wa kitabu unaokithibitisha. Sharti hilo niliweka mimi: picha isiyo na ukurasa haiingii. Kisanduku kimoja kilikufa kwa sababu hiyo, tukio zuri la Neema akimfokea baba yake, ambalo lilikuwa limetungwa na mtu aliyekuwa na hasira na baba wa kwingine.

Kisanduku cha 11 bado ni kitupu. Kuna mapendekezo mawili. La kwanza ni mkono wa Neema ukihesabu noti juu ya meza, kisha giza. La pili limetoka kwa yule msichana: mwanamume anasimama mlangoni, mgongo umeelekea kamera, blanketi kwapani, na hatujui kama anaingia au anatoka. Wanaolipinga wanasema tukio hilo halimo kitabuni, na kwa sharti langu mwenyewe wako sahihi. Yeye anasema limo, kwa kuwa Bunju anasimama hivyo katika kila neno analolitamka, isipokuwa blanketi hana. Nimewaambia wafungue vitabu, kila upande utafute kurasa zake, na Ijumaa tupige kura. Yule msichana ameomba tuanze saa tisa badala ya saa kumi, kwa sababu saa kumi na moja anapaswa awe amefika Kawangware. Ni zamu yake kumpikia mama, na shemeji hula mapema kabla hajaondoka.